Mtoto anayemtoroka fundi viatu: je, kitabu cha Hlapić kinafaa kusomewa watoto wetu?

Mwalimu wa Bahi

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi, na kila Ijumaa baada ya vipindi huwasomea hadithi wanafunzi wa darasa la tano na la sita wanaopenda kubaki. Muhula huu nimechagua riwaya ya watoto kutoka Kroatia, ambayo kwa lugha yake inaitwa Čudnovate zgode šegrta Hlapića, iliyoandikwa na Ivana Brlić-Mažuranić na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Ninayo tafsiri ya Kiingereza, na kwa kuwa watoto bado hawajakimudu Kiingereza cha namna ile, husoma sura nzima nyumbani kisha nawasimulia kwa Kiswahili.

Kwa ambao hawaifahamu, Hlapić ni yatima mdogo wa umbo anayejifunza kushona viatu kwa fundi Mrkonja, mtu mkali ambaye mkewe peke yake ndiye anayemwonea mtoto huruma. Siku moja buti alizoagiza bwana mmoja tajiri kwa ajili ya mwanawe zinakataliwa kwa sababu zinambana. Fundi anamtupia Hlapić lawama zote na kuapa kwamba buti hizo zitateketezwa kwa moto. Usiku mtoto anaamka, anazivaa, anaacha barua na kuondoka, akikusudia kuzitembeza huko duniani mpaka zilegee, na Bundaš, mbwa wa hapo nyumbani, anamfuata. Kwa siku saba anakutana na watu wa kila aina: mzee mchuuzi wa maziwa mwenye punda, Marko mchunga bata bukini anayekaa katika nyumba yenye nyota ya buluu, mwizi wa joho jeusi anayemwibia buti wakiwa wamelala chini ya daraja, na Gita, msichana wa sarakasi aliyeachwa nyuma na wenzake akiwa na kasuku wake.

Watoto wameipenda kuliko hadithi yoyote niliyowahi kuwasomea. Hata hivyo, baba wa mwanafunzi mmoja alinijia akaniuliza, kwa heshima lakini bila kuficha uchungu wake, kwa nini ninamfundisha mwanawe kwamba mtoto akigombezwa anaweza kuchukua mali ya mkubwa wake usiku na kushika njia. Sikuweza kuyapuuza maneno yake. Katika vijiji vyetu wapo watoto walioondoka bila kuaga kwenda Dodoma mjini, wengine hadi Dar es Salaam, kufanya kazi za ndani au kuchuuza karanga na maji ya kunywa, na zipo familia ambazo mpaka leo hazijui mtoto wao analala wapi.

Tumefika mwisho wa siku ya pili ya safari. Nimefikiria kuubadilisha mwanzo, nisimulie kwamba mke wa fundi ndiye aliyemtuma Hlapić akazilegeze buti, ili kusiwe na utoro wowote. Je, nifanye hivyo, niiache hadithi kabisa, au niendelee nayo kama ilivyoandikwa? Naomba ushauri wa wanaoifahamu riwaya hii, na pia wa wazazi.

Msomaji wa Chimwaga

Mwalimu, pole na majukumu, na hongera kwa kuwapa watoto muda wako wa Ijumaa. Nakusihi usiubadilishe mwanzo, kwa sababu ukiutoa utoro ule utakuwa umeutoa pia wema wa Hlapić. Mtoto aliyetumwa na mama mwenye nyumba anatii agizo, basi. Hlapić wa kitabuni hakuagizwa na mtu. Kazi imeharibika mikononi mwa mkubwa wake, lawama ameangushiwa yeye, na badala ya kulalamika anaamua kuirekebisha kwa njia pekee iliyo ndani ya uwezo wake, yaani kwa miguu yake mwenyewe. Hata buti zenyewe hakuzichukua ziwe zake. Kwa fundi zilikuwa zimekwisha kuhukumiwa kuchomwa, na mtoto anazibeba kama mtu aliyepewa amana.

Itazame tena ile barua. Mtoto anayetoroka kwa hasira haachi maelezo ya aendako na sababu ya kwenda, wala hamkumbuki mtoto mwingine atakayeletwa kujifunza kazi baada yake. Hlapić anamwomba fundi amtendee mwema zaidi huyo atakayefuata. Katika vitabu vya watoto nilivyosoma ni nadra kukutana na mtoto anayemwambia mkubwa ukweli kwa adabu namna hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo mzazi yule hana budi kulijua, nalo linafichuliwa mwishoni, kwa hiyo wasiosoma kitabu wanisamehe. Ukali wa Mrkonja una chanzo. Yeye na mkewe walikuwa na binti mdogo, Marica, aliyewapotea katika umati wa watu siku ya soko, na tangu hapo moyo wa fundi ukawa mgumu. Mwandishi anakieleza chanzo hicho bila kumsafisha fundi. Anamfikisha mahali anapofungwa kwenye mti msituni na wezi, na watakaomfungua ni mtoto yuleyule aliyemtesa na msichana ambaye baadaye, kwa kovu la msalaba katika kidole gumba, anatambulika kuwa ndiye Marica. Watu wazima nao wanapimwa katika kitabu hiki, tena kwa ukali kuliko watoto, na ndiyo maana nadhani baba yule angekipenda kama angekisikia chote.

Kuhusu mwandishi, alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Ogulin. Babu yake, Ivan Mažuranić, alikuwa mshairi mashuhuri na pia gavana wa Kroatia wakati nchi hiyo ilipokuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Ivana aliolewa mwaka 1892, akahamia Brod kando ya mto Sava, na huko akawa mama wa nyumba kubwa yenye watoto wengi. Aliwahi kueleza kwamba kwa muda mrefu aliona uandishi haupatani na wajibu wa mwanamke, mpaka watoto wake walipoanza kutamani kusoma, ndipo alipoona kwamba matamanio yake na wajibu wake vimekutana. Hlapić basi ni kazi ya mama aliyekuwa akijua vizuri nini maana ya kumngoja mtoto arudi nyumbani. Mwanamke huyu baadaye alipendekezwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya Tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka 1937 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Akademia ya sayansi na sanaa iliyokuwa Zagreb.

Ukipata filamu ya katuni ya mwaka 1997, usiitumie badala ya kitabu. Ni filamu nzuri, lakini humo Hlapić amegeuzwa kuwa panya, na uzito wa mtoto wa binadamu aliye peke yake barabarani unapungua.

Fundi viatu, Majengo

Mwalimu, na wewe ndugu wa Chimwaga, salamu. Mimi ni fundi viatu hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo, na nimeisoma simulizi ya Mwalimu mara mbili kwa sababu inahusu kazi ninayoifanya kila siku.

Buti zikimbana mteja, wa kuulizwa kwanza ni aliyepima mguu na aliyekata ngozi. Mwanafunzi wa ufundi kwa kawaida hupewa kazi za kupaka gundi, kunyoosha uzi, kutoboa kwa msharasi mahali palipokwisha kuwekwa alama, na kupeleka mzigo kwa wenyewe. Kipimo ni cha fundi mkuu. Kwa hiyo Mrkonja anapomlaumu mtoto anajua moyoni kwamba anasema uongo, na watoto wako, Mwalimu, wakielezwa hatua hizi wataliona hilo wenyewe bila kuhubiriwa.

Pili, mtoto yule alikuwa sahihi kiufundi. Ngozi halisi hulegea. Sisi huilowanisha kidogo kwa ndani, tukaingiza kalibu ya mbao iliyo kubwa kidogo kuliko mguu, na pale panapobana zaidi tukapachika kipande cha ngozi juu ya kalibu, kisha tukaiacha ikauke taratibu kivulini. Anayekosa kalibu hukivaa kiatu na kutembea nacho, kwa kuwa joto la mguu na jasho hufanya kazi ileile polepole. Upana utaongezeka, ingawa urefu hauongezeki kwa kiasi cha maana. Kuichoma ngozi nzima moto kwa sababu ya kubana ni hasira, wala si ufundi. Ng'ombe amelishwa miaka, amechinjwa, ngozi imetiwa chumvi, ikasafishwa, ikalainishwa, halafu mtu aitupe jikoni! Sisi tunaoishi katika mkoa wa wafugaji tunajua thamani ya ngozi, na mimi kwa kweli nimempenda Hlapić kwa kuziokoa buti kabla sijampenda kwa jambo lingine lolote.

Kwangu mimi huyu mtoto hakuacha kazi. Aliondoka na kazi ikiwa miguuni. Tafadhali usiubadilishe mwanzo.

Bibi wa Mpwapwa

Mbukwenyi, wanangu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewasoma nyote wawili kwa makini. Mnachosema kuhusu kitabu nakikubali. Ninachotaka kukiweka mezani ni kwamba baba wa yule mwanafunzi hazungumzii kitabu, anazungumzia barabara.

Hlapić amelindwa na mwandishi wake. Analala chini ya daraja pamoja na mwizi, na asubuhi anakosa buti tu. Mtoto wa Bahi au wa Chamwino anayeshukia stendi ya mabasi usiku bila mwenyeji hana mwandishi wa kumlinda, na nimekaa na watoto wa namna hiyo wakinieleza mambo ambayo sitayaandika hapa. Mwalimu akisimulia safari hii kana kwamba kila atakayekutana na mtoto njiani ni mchuuzi wa maziwa mwenye punda, atakuwa amewadanganya, hata kama kila neno alilolisema limo kitabuni.

Hata hivyo sishauri kuiacha hadithi, wala kuubadilisha mwanzo. Watoto wanaoonewa wapo tayari, hawasubiri kitabu kiwape wazo la kuondoka. Ninachoshauri ni kwamba siku utakaposimulia ile usiku ya barua usimame hapo kwa muda, uwaulize: mtoto huyu angeweza kumwendea nani kabla ya kutoka? Waache wataje wenyewe. Watasema mke wa fundi, na jibu ni zuri, kwa kuwa alikuwepo, alikuwa mwema, na hakuwa na ujasiri wa kumzuia mumewe. Hapo ndipo uwaambie kwamba leo Hlapić wa kwetu anayo milango ambayo yule wa mwaka 1913 hakuwa nayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na aliyefikisha umri huo haruhusiwi kupewa zaidi ya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto. Yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ipo pia namba 116, ambayo mtoto huipiga bure kutoka simu yoyote, hata ya kuazima. Waandikie ubaoni.

Na baba yule umwalike. Mzazi anayefunga safari kwenda kumuuliza mwalimu kuhusu kitabu ni mzazi wa kutunzwa.

Mzazi wa Msalato

Shikamoo, Bibi. Mimi si mwalimu wala sijasoma fasihi, lakini Mwalimu ameomba wazazi nao waseme. Sisi tunaishi karibu na mnada, na siku ya Jumamosi watu, mbuzi, ng'ombe na moshi wa nyama huchanganyika kiasi kwamba mtoto ukimwachia mkono kwa kitambo kidogo unaweza kuzunguka ukimtafuta mpaka miguu iishe nguvu. Niliposoma kwamba fundi yule alimpoteza binti yake siku ya soko, nilielewa jambo ambalo sikulielewa mwanzoni. Hilo halimpi ruhusa ya kumtesa mtoto wa mwingine. Lakini naomba Mwalimu asilifiche mpaka mwisho kabisa, au walau awadokezee watoto kwamba fundi ana siri, ili wasimchukie kwa wiki zote hizo kisha waambiwe wamsamehe kwa sura moja.

Msomaji wa Chimwaga

Ndugu wa Msalato, hapo naomba tutofautiane. Siri ile ikitolewa mapema, kukutana kwao msituni kutakosa nguvu. Mwandishi ameweka chuki ya msomaji dhidi ya Mrkonja makusudi, na ni vema watoto wabaki nayo, kwa sababu ndiyo itakayowafanya wajiulize kama wao wangemfungua kamba au wangempita.

Bibi, nimekubali hoja yako kuhusu barabara, na ningependa kuongeza sehemu moja ambayo inaiunga mkono. Siku ya nne Hlapić anasaidia kuzima moto kijijini, anatumbukia kutoka paani hadi darini, na humo anazikuta buti zake katikati ya mali ya wizi. Nyumba ile ni ya mama wa Grga, kijana anayeshirikiana na yule mwizi wa joho jeusi. Mama huyo hajui aliko mwanawe ila anajua amepotoka. Anachofanya ni kumpa Hlapić sarafu ya fedha iliyofungwa katika kitambaa, akimwomba, iwapo atakutana na Grga, ampe na kumfikishia salamu za mama yake. Hlapić anaibeba sarafu ile siku zote zilizobaki pasipo kuigusa, ingawa yeye na Gita hawana chakula cha uhakika. Grga anapoipokea, usiku, njiani, anauacha wizi. Hakuna polisi, hakuna kipigo, hakuna hotuba. Baba wa mwanafunzi yule, na wazazi wote ambao watoto wao wako mbali, wangeielewa sura hii kuliko sisi wenye vyeti. Kama ni lazima uchague siku moja ya kumwalika, mwalike siku hiyo.

Mwalimu wa Bahi

Asanteni sana, na shikamoo Bibi. Nimeamua nisiguse mwanzo. Ijumaa ijayo nitairudia sura ya barua na kuuliza swali la Bibi kama alivyoliweka, kisha namba 116 itaandikwa ubaoni na kubaki hapo. Siri ya fundi nitaitunza, ila nimelisikia ombi la mzazi wa Msalato, kwa hiyo nitawakumbusha watoto kila sura kwamba bado hatujamfahamu Mrkonja vya kutosha. Baba wa mwanafunzi nimekwisha kuzungumza naye kwa simu. Amesema atakuja siku ya sarafu, na ameuliza kama anaweza kuja na mkewe.

Naona pia kwamba watoto wameguswa zaidi na Marko kuliko nilivyotarajia. Wengi wao huchunga mbuzi baada ya shule, na kupoteza mnyama wa familia ni jambo wanalolijua kwa woga wake wote. Nilipofika mahali ambapo Marko analia kwa sababu bata wawili wamepotea, na Hlapić pamoja na Bundaš wanaanza kuwatafuta, darasa zima lilinyamaza, na mmoja akaniuliza kama mama yake Marko atampiga. Nilimjibu asubiri. Mama huyo anawapa wote chakula cha jioni, na mwishoni mwa kitabu ni nyumba hiyohiyo yenye nyota ambayo Hlapić na Gita wanaikimbilia usiku kuonya kwamba wezi wanakuja kuchukua ng'ombe. Nitalirudia hilo tukifika huko.

Swali moja limebaki kwa fundi wetu wa Majengo. Watoto wanabishana kama buti za mtoto wa tajiri zingeweza kweli kulegea kwa miguu ya mtoto mdogo kama Hlapić. Niwaambie nini?

Fundi viatu, Majengo

Waambie kwamba mguu mdogo haupanui buti kubwa, lakini hulainisha ngozi pale inapokunjika, yaani juu ya vidole na nyuma ya kisigino, na hapo ndipo buti mpya humuumiza mtu zaidi. Kwa hiyo safari ya siku saba ingesaidia, isipokuwa kama fundi alikosea urefu. Kama shule itaruhusu, ninaweza kupanda basi Ijumaa moja nije na kalibu mbili, ya mguu mdogo na ya mguu mkubwa, pamoja na vipande vya ngozi ya ng'ombe na ya mbuzi, watoto wailowanishe na kuivuta wenyewe waone. Nipe jina la kituo cha kushukia na saa ambayo vipindi vinakwisha.